Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya upinzani: tuambieni hatua ni ipi, na msimamo unaishia wapi

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti, Viongozi wa Chama na Makatibu Wakuu wa vyama vya upinzani,
Tanzania Bara na Zanzibar.

YAH: MVUTANO WA "MABADILIKO KWANZA" NA "HATUA KWA HATUA", NA WAPIGA KURA TULIOACHWA KATIKATI

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Morogoro Mjini, niliyefundisha Historia na Uraia katika shule za sekondari kwa miaka 29. Nilipiga kura Oktoba 29, 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu vyama virudishwe, na tangu siku hiyo sikukosa uchaguzi wowote mpaka Oktoba 29, 2025, miaka 30 kamili baadaye, nilipobaki nyumbani. Mpaka leo sijui kama siku ile nilikuwa nimesusa au nilikuwa nimechanganyikiwa, na kutojua huko ndiko kulikonifanya niandike.

Naomba isidhaniwe kwamba nimekimbilia hadharani kabla ya kubisha hodi. Nimeandika mara tatu kwa ofisi ya chama ninachokiunga mkono, ambacho sitakitaja kwa kuwa malalamiko yangu yanavihusu vyama vyote. Barua ya kwanza, ya Desemba 2024, nina nakala yake yenye mhuri wa "imepokelewa". Ya pili nilimkabidhi katibu mkononi, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Ya tatu, ya Desemba 2025, niliipiga picha nikaituma kwa WhatsApp, nikaona tiki mbili za buluu, kisha kimya. Baada ya siku arobaini niliona heri niiseme mbele ya wote.

Ninawaandikia wenye msimamo kwamba bila mabadiliko ya msingi hakuna uchaguzi wa maana, na ninawaandikia pia wanaoamini kwamba tuingie, tupate kidogo, kesho tupate kingine. Nina watoto wawili, mmoja katika kila kambi, na mezani kwangu nimezisikia hoja zote mbili zikijengwa vizuri kuliko zinavyojengwa majukwaani. Yanayonisumbua ni haya.

1. Hamjatuambia hatua ni nini.

Wanaotetea mwendo wa hatua kwa hatua hutuhesabia mafanikio: mikutano ya hadhara ilirudi, Kikosi Kazi cha demokrasia ya vyama vingi chini ya Profesa Rwekaza Mukandala kilikusanya maoni na kutoa ripoti mwaka 2022, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria mpya za uchaguzi. Naomba nizisahihishe kama madaftari, moja baada ya jingine.

Mikutano ya hadhara ilizuiwa mwaka 2016 kwa tamko, ikarudishwa Januari 3, 2023 kwa tamko. Katika miaka yote hiyo Ibara ya 20 ya Katiba, inayotoa uhuru wa kukutana, haikubadilika. Kwa hiyo tulichorudishiwa ni ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kuondoka kesho asubuhi kwa njia ile ile iliyoijia, bila Bunge kuketi na bila mtu kushika kalamu. Nilifurahi viwanja vilipofunguliwa, nikaenda kusimama juani kama wengine, lakini sikuelewa kwa nini viongozi wangu walilipokea jambo lile kama mageuzi.

Sheria za 2024 ni afadhali kidogo, kwa kuwa sheria haifutwi kwa hotuba. Hata hivyo Tume ya Uchaguzi ilipata jina la Tume Huru huku Ibara ya 74 ya Katiba, inayompa Rais mamlaka ya kuteua mwenyekiti na wajumbe wake, ikibaki mahali pake. Ibara ya 41(7), inayozuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais baada ya Tume kumtangaza, nayo ipo vile vile, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 1, 2017. Kwetu jaji angerudishwa mlangoni.

Sasa tazameni Zanzibar. Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Novemba 2009. Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, takriban theluthi mbili wakakubali, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaandikwa ndani ya Katiba ya Zanzibar. Hatua hiyo ilikuwa ndogo, na wapo waliomcheka Maalim kwamba amenunuliwa kwa kiti. Lakini baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, marudio ya Machi 20, 2016 kususiwa, na miaka mitano ya kuwekwa nje, mlango ule ulikuwa bado umeandikwa, na Desemba 2020, pamoja na majeraha yote ya uchaguzi wa mwaka huo, ACT-Wazalendo waliweza kuupita kwa sababu Katiba iliutaja. Hatua ile ile ilikuwa na upungufu uliotugharimu. Muundo wa serikali ulibadilishwa lakini tume ya uchaguzi haikupata kinga ya kutosha, ndiyo maana Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wake, Jecha Salim Jecha, aliweza kusimama mbele ya kamera na kufuta uchaguzi mzima.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kuna hatua ya tamko, hatua ya sheria na hatua ya katiba, na nyinyi mmekuwa mkituuzia zote tatu kwa bei moja. Mpiga kura akishindwa kuzitofautisha, ataiona hatua ya kweli kuwa usaliti na danganya toto kuwa ushindi.

2. Wenye msimamo hamjatuambia Jumatatu inayofuata tufanye nini.

Aprili 16, 2014, UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka nje ya Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma, mimi na walimu wenzangu tulikuwa tumezunguka redio ndogo ofisini, na nilipiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika kwenye madaftari ya Kidato cha Pili. Niliamini, na bado naamini, kwamba rasimu iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba baada ya kusikiliza wananchi nchi nzima ilikuwa inararuliwa, na kwamba heshima iliwataka mtoke.

Mlitoka. Waliobaki waliipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2, 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijafanyika mpaka leo. Kabla vumbi halijatulia, mwaka huo huo mkamsimamisha kuwania urais Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na aliyekuwa kada wa chama tawala hadi siku chache kabla, naye akapata asilimia 39.97 ya kura. Sisemi kumpokea kulikuwa kosa, maana hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kupata kura nyingi kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba sisi tuliotoka Bungeni pamoja nanyi kwa ajili ya rasimu ile tulijikuta kwenye kampeni ambayo rasimu ilikuwa imesogezwa pembeni, na hakuna aliyetueleza tulifikaje pale.

Mwaka 2019 mlijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2020 mliyakataa matokeo, kisha wanachama 19 wa CHADEMA wakaapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, chama kikawafukuza, nao wakabaki Bungeni. Ukimwuliza mwananchi wa kawaida kama chama hicho kilikuwa ndani ya Bunge au nje yake miaka ile, atakuomba umwache kwanza afikirie.

Kisha ukaja mwaka 2025 na kauli mbiu ya "bila mabadiliko, hakuna uchaguzi", ambayo, nasema kwa masikitiko ya mtu wa chaki, mliitunga na kuiimba kwa Kiingereza ("No reforms, no election") katika nchi inayofanya siasa zake kwa Kiswahili. Najua mliyokutana nayo. Mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikamatwa Aprili na kushtakiwa kwa uhaini, na chama kikazuiwa kushiriki kwa kutosaini maadili ya uchaguzi. Mtu aliye mahabusu hawezi kuzunguka mikoani kufafanua mkakati. Najua pia yaliyotokea siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, intaneti ikiwa imezimwa, vijana wakiwa barabarani, na watu wakazikwa. Damu ile ina wenyewe wa kuijibu, na si nyinyi.

Lakini kabla ya Aprili kulikuwa na miezi, na katika miezi hiyo nilisubiri mtu aniambie "hakuna uchaguzi" maana yake ni nini kwa mwalimu mstaafu mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni. Nikae nyumbani? Niende mahakamani? Nisimame kituoni nikiwa na bango? Kila kiongozi aliyeulizwa alijibu kwamba mbinu haziwekwi hadharani. Mtakubaliana nami kwamba mkakati unaohitaji mamilioni ya watu kuutekeleza hauwezi kufichwa kwa mamilioni hayo hayo.

3. Mmeazima Kenya nusu.

Kauli mbiu hiyo waliitangulia wenzetu wa Kenya mwaka 1997, na kila kambi kati yenu huwa inaitaja kwa kukata kipande inachokipenda. Wenye msimamo wanataja Saba Saba, Julai 7, 1997, na maandamano yaliyomtikisa Rais Daniel arap Moi. Wa hatua kwa hatua wanataja mapatano ya wabunge wa pande zote, maarufu kama IPPG, yaliyofikiwa Septemba mwaka huo: upinzani ukaruhusiwa kupendekeza makamishna 10 wa tume ya uchaguzi, na sheria kadhaa za kikoloni zikalegezwa.

Simulizi nzima ndiyo yenye faida. Bila barabara kujaa watu, Moi asingeketi mezani. Baada ya kuketi, alishinda uchaguzi wa Desemba 29 kwa takriban asilimia 40 kwa sababu wapinzani waligawana kura zilizobaki, na wanaharakati wengi wakasema wabunge wamewauza. Hata hivyo mapatano yale yalizaa pia sheria ya kuanzisha mapitio ya katiba, yaani hatua ilibeba mbegu ya hatua inayofuata, na uchaguzi wa 2002 uliiondoa KANU, chama cha Moi, madarakani. Katiba yenyewe ilichelewa. Rasimu ya kwanza kupelekwa kwa wananchi ilikataliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, watu zaidi ya 1,000 wakauawa baada ya uchaguzi wa 2007, na ndipo Agosti 2010 katiba mpya ikapita. Ni miaka 13. Anayeniambia hatua kwa hatua ni njia ya amani anionyeshe miaka hiyo 13, na anayeniambia msukumo wa mara moja unatosha naye anionyeshe hiyo hiyo.

4. Mmeuacha mtaa.

Hili ndilo lililonifanya niandike barua ya kwanza. Katika uchaguzi wa Novemba 27, 2024, jirani yangu, mama anayeuza genge la mboga na ambaye mtaa mzima unamkopa, aliamua kugombea uenyekiti. Fomu yake niliijaza naye, kwenye meza yangu, kwa kalamu ya wino wa buluu. Siku ya kubandikwa majina alikuta ameenguliwa kwa maelezo kwamba jina la chama limeandikwa kwa kifupi. Mimi niliyesahihisha insha kwa miaka 29 nilishindwa kumtazama usoni. Tulikata rufaa, ikatupwa.

Tulipopiga simu ofisi ya chama kuomba mwanasheria, aliyepokea alitujibu, kwa upole kabisa, kwamba wakati huu nguvu zote ziko kwenye katiba mpya na mambo ya mitaa yatajirekebisha katiba ikipatikana. Nikampigia rafiki aliye katika chama kingine, cha wale wa hatua kwa hatua, naye akasema tutulie, viongozi wanazungumza na wahusika ngazi ya juu. Yaani kambi mbili zisizosalimiana zilimpa yule mama jibu moja.

Mgombea wa upande wa pili alipita bila kupingwa. Mjukuu wangu alipohitaji mhuri wa serikali ya mtaa kwenye fomu ya mkopo wa chuo, alikwenda kwenye ofisi hiyo. Mpiga kura wa kawaida huiona dola pale, kwenye meza ile yenye mhuri, mara nyingi kuliko anavyoliona Bunge, na pale ndipo angeweza kujifunza kwamba kura yake inabadilisha kitu.

5. Lugha yenu.

Anayeshiriki anaitwa mamluki, anayesusa anaitwa mropokaji. Nitaishia hapo, kwa kuwa wajukuu wangu nao husoma.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimekwisha kupewa.

Mtasema mazingira hayawaruhusu, na nakubali kwa sehemu kubwa. Lakini kuandika ukurasa mmoja unaoeleza madai yenu hakuhitaji kibali cha polisi.

Wengine mtasema wananchi hawajawa tayari, kama Serikali ilivyosema mwaka 2023 kwamba kwanza itolewe elimu ya katiba. Nimefundisha elimu hiyo, na nakumbuka kwamba Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyoundwa mwaka 1991 ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi. Ndiyo sababu nyinyi mnavyo vyeti vya usajili. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Ingekuwa vema mmoja wenu atuambie ngapi bado zipo.

Mtasema kushiriki ni kuhalalisha. Huenda. Basi mtuambie kabla, kwa maandishi, ni jambo gani likitokea mtashiriki, ili msimamo wenu uwe na mwisho unaoonekana. Wengine mtasema ukisusa wenzio wala. Nao pia wanieleze: kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo ya Muungano theluthi mbili ya kila upande. Wabunge wa upinzani waliochaguliwa majimboni mwaka 2020 hawakufika kumi. Tukiingia na kula, kura za kuibadili Ibara ya 74 zitatoka wapi, na ni kitu gani kitawalazimisha wenye kura hizo kuzitoa?

Kwa unyenyekevu, lakini bila kuzunguka, ninaomba haya:

(a) Ndani ya siku 90 kila chama kitoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye madai yake, na mbele ya kila dai kiandike kama linahitaji tamko, sheria au mabadiliko ya Katiba. Likitimizwa kwa tamko tu, lihesabiwe kuwa halijatimizwa.

(b) Chama kitakachoamua kususia uchaguzi wowote kitangaze uamuzi huo mwaka mmoja kabla, pamoja na kazi ambayo mwanachama wa kawaida ataifanya kihalali siku ya uchaguzi na siku zinazofuata. Chama kitakachoamua kushiriki kitangaze, kwa muda huo huo, ni jambo gani litakalokifanya kijitoe.

(c) Makubaliano yoyote na Serikali yasitiwe saini bila kipengele kinachotaja tarehe na hatua inayofuata, na nakala yake ifike matawini kabla ya kusainiwa.

(d) Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, vyama vyote, vya kambi zote mbili, viwe na timu moja ya pamoja ya kusaidia wagombea kujaza fomu na kukata rufaa katika kila wilaya. Mimi najitolea kwa Morogoro Mjini, na safari hii jina la chama nitaliandika kwa kirefu.

(e) Barua za wanachama zijibiwe. Hata kwa mstari mmoja.

Jirani yangu ameniuliza kama achukue fomu tena mwaka 2029. Nimemwomba anipe siku 90.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mpiga kura,
Morogoro Mjini.

Nakala: Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa taarifa; na katibu aliyeitia barua yangu ya pili mfukoni mwa shati.